Hazina na Shamba Lake



Leo tunakaa na mstari mmoja tu wa Injili: Mathayo 13:44, mfano wa hazina iliyofichwa shambani. Tunausikia Dominika ya 17 ya Mwaka A, na ni mfupi kiasi kwamba ukiinama kuokota kitabu cha nyimbo, umeshakupita. Mtu anakuta hazina katika shamba. Anaifukia tena. Kwa furaha anakwenda kuuza vyote alivyo navyo, kisha analinunua lile shamba. Basi, mfano umekwisha.

Wengi tunaupenda mfano huu kwa sababu ya neno hazina. Nakuomba leo uangalie neno la pili, lile tunaloliruka: shamba. Yule mtu hakununua hazina. Alinunua shamba. Na ili tuone kwa nini jambo hilo ni zito, twende kwanza Uingereza, ambako kuna watu wanaoishi mfano huu kila Jumamosi kwa miguu yao.

*Watu wa detekta*

Kule Uingereza kuna maelfu ya watu ambao starehe yao ni kutafuta sarafu za kale ardhini. Wanatumia mashine ya kutambua metali, ile ambayo wachimbaji wetu wadogo wa dhahabu huiita detekta. Ni fimbo ndefu yenye sahani ya duara chini. Sahani hiyo inapeleka nguvu ya sumaku ardhini. Ikikuta metali, metali inajibu, nawe unasikia mlio masikioni. Mwenye uzoefu anaanza kutofautisha: fedha ina mlio wake, shaba wake, chuma wake.

Usidhani ni kazi ya kuokota dhahabu tu. Siku nyingi mtu anatembea saa sita kwenye shamba lenye matope, anapiga magoti mara 40, na anarudi nyumbani na misumari, vizibo vya chupa, risasi za zamani na kifungo cha koti. Ndiyo starehe yenyewe hiyo. Na kesho anakwenda tena.

Kwa nini anakwenda? Kwa sababu hazina zipo kweli. Warumi walikaa katika nchi ile karibu miaka 400. Wakaja Waanglo-Saksoni, wakaja Waviking. Zamani zile, hatari ilipokaribia, mtu alichimba shimo na kufukia mali yake, akitumaini kurudi mambo yakitulia. Wengine hawakurudi. Sarafu zao zikabaki pale, na ng'ombe wakala nyasi juu yake kwa miaka zaidi ya elfu.

*Aliyetafuta nyundo*

Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza, mstaafu mmoja aitwaye Eric Lawes aliingia shambani na detekta yake. Sikia alichokuwa anatafuta: nyundo. Rafiki yake mkulima alikuwa ameipoteza nyundo yake shambani, akamwomba amsaidie. Ndivyo siku ile ilivyoanza, mtu na rafiki yake na nyundo iliyopotea.

Mashine ikalia. Lawes akachimba. Badala ya nyundo zikaanza kutoka sarafu za fedha, vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu. Alikusanya kiasi, kisha alipoona kwamba bado vipo vingi chini, akafanya jambo ambalo ndilo limenifanya niandike leo. Aliacha kuchimba. Vingine vyote akaviacha ardhini kama vilivyokuwa, taarifa ikatolewa kwa wenye ardhi na kwa polisi. Kesho yake wataalamu wa mambo ya kale wakaja, wakafukua wenyewe, kitaalamu.

Hebu jiweke pale. Uko peke yako shambani. Jua linazama. Chini ya mikono yako kuna dhahabu na hakuna anayekuona. Halafu unasimama, unafuta matope mikononi, unaondoka, na kuiacha ilale ardhini usiku mmoja zaidi. Ungeweza?

Ilipohesabiwa, hazina ya Hoxne ilikuwa na sarafu 14,865 za dhahabu, fedha na shaba, pamoja na vyombo na mapambo yapatayo 200. Ilifukiwa mwanzoni mwa karne ya 5, wakati utawala wa Warumi ulipokuwa unaporomoka kisiwani humo. Baadhi ya vyombo vina alama za Kikristo; kwa hiyo waliovitumia huenda walikuwa ndugu zetu katika imani. Makumbusho ya British Museum mjini London ililipa pauni milioni 1.75 kwa ajili ya hazina hiyo, na Lawes akagawana fedha hizo na rafiki yake mkulima. Nyundo nayo ilipatikana. Leo iko makumbusho pia.

Sasa fikiria kitu kimoja. Kwa sababu Lawes aliacha vitu mahali pake, wataalamu waliweza kuona vilivyopangwa. Vilikuwa ndani ya sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na visanduku vidogo. Vyombo vimewekwa kimoja ndani ya kingine, vingine vimezungushiwa kitambaa visikwaruzane. Kumbe aliyefukia hakuvitupa kwa pupa. Alipanga kama mtu anayefunga mizigo akijua atarudi kuifungua. Dhahabu peke yake isingetuambia hilo. Shamba ndilo lililotuambia.

Wataalamu wa mambo ya kale watakwambia hivyo hivyo: sarafu iliyong'olewa kwenye udongo wake bila mtu kuandika ilikuwa wapi, kina gani, pamoja na nini, imepoteza nusu ya maneno yake. Bado inang'aa, na inauzika. Lakini imekuwa bubu.

*Waliotaka hazina bila shamba*

Upande wa pili wa nchi ile, mwezi Juni 2015, wanaume wawili waliingia na detekta kwenye shamba karibu na mji wa Leominster, Herefordshire. Mwenye shamba hawakumwomba ruhusa. Wakakuta hazina ya zama za Waviking: pete ya dhahabu, bangili, kidani chenye jiwe la kioo, na sarafu zinazokadiriwa kufikia 300.

Sheria ya hazina ya Uingereza ya mwaka 1996 iko wazi: ukikuta hazina, toa taarifa ndani ya siku 14. Huna cha kupoteza, kwa sababu hazina ikinunuliwa na makumbusho, mkutaji na mwenye ardhi kwa kawaida hugawana malipo. Hawa wawili wangeweza kupata fedha nyingi mno kwa njia halali. Wakaona njia halali ni ndefu. Wakaonyesha vitu vichache, wakaficha vingi, wakaanza kuuza sarafu chini kwa chini. Picha walizopiga siku ya kufukua walizifuta kwenye simu.

Kijana wa simu janja, nisikilize hapa. Wachunguzi walizirudisha zile picha. Zikaonekana sarafu zikiwa bado zina udongo. Mwaka 2019 mahakama iliwahukumu kifungo cha miaka 10 na miaka 8 na nusu, ingawa rufaa baadaye iliwapunguzia. Yesu katika Luka 12 anasema kwamba lililofichwa litafunuliwa, na huwa tunadhani anazungumzia siku ya mwisho pekee. Wakati mwingine hasubiri hadi siku ya mwisho.

Lakini kifungo chao sicho kinachoniuma zaidi. Kati ya zile sarafu, ni 31 tu zilizopatikana wakati ule. Na baadhi ya hizo zilikuwa na picha ya ajabu: watawala wawili wameketi pamoja, bega kwa bega. Sarafu za aina hiyo zilitolewa na Alfred, mfalme wa Wessex, na mwenzake Ceolwulf wa Mercia. Sasa, historia iliyoandikwa upande wa Alfred ilimdharau Ceolwulf, ikamwita mtumishi mpumbavu wa mfalme, kibaraka wa Waviking. Kwa miaka zaidi ya 1,100 jina lake limebeba dharau hiyo. Zile sarafu ni mashahidi kwamba wawili hao waliwahi kuwa washirika. Kila sarafu iliyouzwa gizani ni shahidi aliyezibwa mdomo.

Unaona? Dhambi ya saba ilizaa ya nane. Waliiba mali ya mtu, na pamoja nayo wakaiba ukweli wa marehemu ambaye hana wa kumtetea. Dhambi haikai kwenye mfuko mmoja.

Waingereza wana jina la watu wanaoingia mashambani kwa siri na detekta: mwewe wa usiku. Nimelipenda jina hilo kwa sababu linasema yote. Mwewe hapandi, halimi, hamuulizi mtu. Anashuka, ananyakua, anapotea.

*Basi yule mtu wa Injili?*

Mtu atauliza, na ni swali zuri: je, yule wa Mathayo 13 naye si mjanja tu? Alificha habari, akamnunulia mwenzake shamba bila kumwambia kilichomo!

Tukumbuke kwamba Yesu hakuwa anafundisha sheria ya ardhi. Katika Luka 16 anatumia hata wakili asiye mwaminifu kutufundisha jambo, bila kuusifu wizi wake. Katika mfano wetu anataka tuone vitu viwili. Cha kwanza ni furaha. Yule mtu hauzi vitu vyake huku analia. Anauza kwa furaha, na furaha inakuja kabla ya kuuza. Cha pili ni bei. Usiku ulikuwepo. Jembe lilikuwepo. Angeweza kuwa mwewe. Yeye akaenda kuuza vyote.

Na aliponunua shamba, alinunua lote: mawe yake, miiba yake, kipande kile cha mtoni kinachojaa maji masika, na mpaka unaogombaniwa na jirani. Hazina ilikuwa sehemu ndogo tu ya alichokibeba. Ufalme wa Mungu hauuzwi kwa rejareja, kijana. Huwezi kumwambia Mungu, "Nipimie furaha ya kilo moja, shamba baki nalo."

*Na sisi huku kwetu*

Pengine unasema, mimi sina detekta, sijawahi kuota sarafu ya Mviking. Sawa. Tuangalie mashamba yetu.

Kuna pesa iliyoingia kwenye simu kimakosa. Mama fulani alikuwa anamtumia mwanaye ada, akakosea tarakimu moja, ujumbe ukalia kwako. Hii ndiyo detekta ya kizazi chetu. Mlio umelia, hakuna anayekuona, na marafiki wanakwambia, "Toa fasta kabla hajapiga simu, hiyo ni baraka." Kijana, Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2409 inasema wazi kwamba kukaa kwa makusudi na kitu cha mwenzako kilichopotea ni kosa dhidi ya amri ya saba, kundi moja na ulaghai wa biashara na mishahara ya dhuluma. Mungu hajawahi kubariki mtu kwa machozi ya mama wa mwenzake. Mpigie wewe kabla hajakupigia.

Kuna rupia za Mjerumani. Hili tunalijua wote Tanzania. Neno hela tunalolitumia kila siku lilitoka kwenye heller, sarafu ndogo ya koloni la Wajerumani. Kuanzia mwaka 1904, heller 100 zilikuwa rupia moja. Na mwaka 1916, vita vilipowabana, walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Kwa hiyo rupia zilikuwepo kweli. Uongo ni ule unaojengwa juu yake: kuna mzee kaificha, kuna tajiri anainunua kwa mabilioni, kuna mganga atakayeonyesha ilipo, lete laki tatu za vifaa na jogoo mweusi. Vijana wameuza pikipiki na viwanja kwa simulizi hiyo. Angalia vizuri: yule mtu wa Injili aliuza vyote baada ya kuona hazina. Huyu anauza vyote kwa hazina ambayo hajaiona, wala haipo. Na akishampigia magoti mganga, ameuza na kitu ambacho ni zaidi ya kiwanja. Ukikuta kitu cha kale kweli, hata kwenye shamba la babu, ni urithi wa nchi: nenda serikali ya kijiji au kwa watu wa mambo ya kale, usiende kwa dalali.

Kuna mkeka. Sitatukana wanaobeti, najua wengine ni wanakwaya wenzetu. Katekisimu namba 2413 inasema michezo ya bahati yenyewe si dhuluma, lakini inakuwa haikubaliki inapomnyang'anya mtu kile anachohitaji yeye na wanaomtegemea. Jipime hapo. Hela ya mkeka imetoka wapi? Kama ni ya kodi, ya dawa, ya sukari ya nyumbani, basi umeshalima shamba la wenzako.

Na kuna mapenzi. Hapa ndipo maneno ya leo yanapochoma. Mwenzako ni shamba zima: ana wazazi, ana historia, ana magonjwa ya kesho, ana hasira za asubuhi, ana uzee unaokuja. Sakramenti ya Ndoa ni mtu kusimama mbele ya altare na kusema, "Nalichukua shamba lote." Anayetaka mwili bila ahadi anakuja na detekta usiku. Anachukua kinachong'aa, anaacha shimo. Dada anayesoma hapa na ambaye ameachiwa shimo hilo anajua ninachosema. Na wapo kaka vilevile. Kwako nasema: shimo halikupunguzii thamani. Mwizi ndiye aliyeondoka maskini.

Hata imani yetu tunaweza kuifanyia umwewe. Tunataka muujiza bila sala ya kila siku. Tunataka Komunyo bila Kitubio, Pasaka bila Kwaresima, sifa za kuongoza VIWAWA bila kufagia ukumbi. Tunataka Yesu ang'ae mikononi mwetu, ila shamba lake, yaani Kanisa lenye watu wakorofi, paroko mwenye mahubiri marefu, jumuiya inayochelewa kuanza, tunasema hilo hapana. Ndugu yangu, hazina imefukiwa humo humo.

*Nisikudanganye*

Mtu asiondoke hapa akidhani uaminifu ni mchongo mwingine wa kupata milioni. Eric Lawes alipata. Wengi hawapati. Wako watu wa detekta waliotembea miaka 30 kwa ruhusa na kwa kufuata sheria, na kabati lao lina vifungo na misumari. Unaweza kurudisha pesa ya mama yule naye akakata simu bila hata asante. Unaweza kukataa kuibia mtihani ukapata C, na aliyeibia akapata A na kazi juu.

Hapo ndipo tunajua kama tumeona hazina kweli. Kama hazina yako ni pauni, uaminifu usiolipa ni hasara tupu. Kama hazina ni Kristo, kurudisha ile pesa tayari ni kulipia sehemu ya shamba lake. Furaha ya mtu wa mfano haikutegemea soko. Ilitokana na alichokiona kwa macho yake.

Naye aliyefukia sanduku la Hoxne ana la kutuambia. Alipanga vizuri, akafunga, akafukia, hakurudi. Yesu alituonya katika Mathayo 6 kuhusu kuweka akiba mahali ambapo kutu na wezi wanafika, na katika mfano wa Luka 12 Mungu anamuuliza tajiri: vyote hivi vitakuwa vya nani? Katika Hoxne jibu lilikuja baada ya miaka 1,500 hivi: vya mtu aliyekuwa anatafuta nyundo.

*Aliyenunua shamba letu*

Sasa tuugeuze mfano. Wapo waliousoma hivi pia: hazina ni wewe, na anayetafuta ni Mungu.

Katika Luka 15 Yesu anamsimulia mwanamke mwenye sarafu kumi. Moja inapotea. Anawasha taa, anafagia nyumba, anainama mpaka aione. Sarafu ikianguka kwenye vumbi haipotezi sura iliyochapwa juu yake. Waulize watu wa detekta: wanaitoa sarafu matopeni baada ya miaka elfu, wanaipitishia kidole, na uso wa mfalme unawatazama. Wewe umeumbwa kwa sura ya Mungu. Matope uliyoanguka ndani yake, hata kama ni ya miaka, hayajaifuta.

Na Mungu alipokukuta, hakuwa mwewe. Hakukunyakua na kuacha shimo. Alilinunua shamba lote. Alichukua mwili, akala njaa yetu, akalia kilio chetu, akavumilia wenyeji wa Nazareti waliomdharau na rafiki aliyemuuza kwa vipande 30 vya fedha. Mtume Paulo anawakumbusha Wakorintho, katika barua ya kwanza sura ya 6, kwamba wamenunuliwa kwa bei. Bei hiyo ililipwa Ijumaa, mchana, juu ya kilima, watu wote wakiona. Hakuna kilichofanyika gizani isipokuwa jua lenyewe kuficha uso.

Kwa hiyo akikuomba umpe shamba lako lote, usishangae. Yeye ameshalipa.

*La kufanya wiki hii*

Kama kuna kitu mkononi mwako kilichotoka kwenye shamba la mtu, kirudishe. Zakeo katika Luka 19 hakuishia kulia. Alitaja hesabu, akasema mara nne. Kama mwenyewe hajulikani tena au amefariki, mweleze padre katika Kitubio, atakuongoza namna ya kulipa, kwa ndugu zake au kwa maskini. Usione aibu. Padre ameshasikia makubwa kuliko hayo.

Halafu chukua dakika kumi mbele ya Ekaristi Takatifu na ujiulize maswali matatu:

1. Ni hazina gani ninayoitaka huku nikikataa kulinunua shamba lake?
2. Ni nini nilichokifuta kwenye simu ili mtu asione?
3. Kama Yesu ni hazina yangu, ni kitu gani kimoja bado sijauza?

Tusali.

Ee Bwana Yesu, wewe ulitutafuta tukiwa chini ya matope, na hukuona aibu kupiga magoti. Utupe macho ya kuiona hazina, na moyo wa kulipa bei yake kwa furaha. Uwaponye walioachiwa mashimo na watu waliowatumia. Utukomboe na tamaa ya vya haraka, na utufundishe uaminifu pale ambapo hakuna anayetuona isipokuwa wewe. Bikira Maria, uliyemkubali Mungu pamoja na msalaba wake, utuombee. Amina.

Ukimaliza kusoma, mtumie rafiki mmoja. Na kama kuna yule mama aliyekosea namba, mpigie simu leo, usisubiri kesho.

Kristo, tumaini letu!